Mipira ya mkojo ya kuingiza na kutoa: ipi inafaa kwa kibofu kilichoathiriwa na maradhi ya neva

Tunatathmini hapa aina nne za mpira wa mkojo unaoingizwa kibofuni, ukamwaga mkojo na kutolewa palepale: mpira mkavu wa plastiki unaopakwa jeli, mpira wenye utando unaoteleza, mpira uliofungiwa ndani ya mfuko wake, na mpira wa silikoni unaooshwa na kutumika tena. Hukumu tunaitanguliza, maana mtu aliyeumia uti wa mgongo, au mzazi wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hana nafasi ya kuisaka mwisho wa makala. Mpira bora ni ule atakaoweza kuutumia mara nne hadi sita kila siku, kwa mikono aliyo nayo, bila kuruka zamu. Utando, mfuko na umbo la ncha vina faida zake na tutazieleza, lakini hakuna hata kimoja kinachofidia zamu iliyorukwa.

Msimamo huu una historia. Katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Ludwig Guttmann alisisitiza kwamba mpira uingizwe kwa usafi wa chumba cha upasuaji, na mwaka 1966 yeye na Hans Frankel walichapisha matokeo mazuri kwa wagonjwa waliopooza. Tatizo likabaki: nani atafanya kazi hiyo nyumbani mara tano kwa siku, akiwa na glovu na vifaa vilivyochemshwa? Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha, yaani mikono iliyooshwa na mpira safi. Hoja yake ndiyo inayobeba tathmini hii yote. Kibofu kikitanuka kupita kiasi, damu inayolisha ukuta wake hupungua, na ukuta uliokosa damu hushindwa kuwazuia bakteria. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni kukimwaga kibofu kabla hakijajaa kupita kiasi, na usafi unafuata.

Nani anahitaji kifaa hiki

Neva zikiathirika juu ya sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kibofu hujikaza chenyewe bila ruhusa ya ubongo, na mara nyingi msuli wa kukifunga hujikaza wakati huohuo. Mkojo unakosa njia, shinikizo linapanda, na likizidi sentimita 40 za maji (kipimo cha shinikizo la kibofu) kwa muda mrefu figo ziko hatarini. Hali hii huwapata wengi wenye jeraha la uti wa mgongo, na baadhi ya wenye multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ala ya neva za ubongo na uti wa mgongo. Neva zikiharibika chini zaidi, kwenye mkia wa uti wa mgongo, au zikiliwa polepole na kisukari, kibofu hulegea: kinajaa, hakisukumi, kisha kinafurika na kuvuja. Mgongo wazi unaweza kuleta sura yoyote kati ya hizi mbili, na sura hiyo inaweza kubadilika mtoto anavyokua. Wote hao, wakibakiwa na mkojo mwingi baada ya kwenda haja, ndio wenye mpira huu.

Ugonjwa wa Parkinson na kiharusi mara nyingi ni habari nyingine. Haja huja ghafla, mtu hawahi chooni, lakini akifika kibofu humwagika vizuri. Huyo anahitaji ratiba ya kwenda chooni, njia ya kufika huko haraka, na pengine dawa. Kumpa mpira ni kumwongezea mzigo. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya kununua chochote, mkojo unaobaki upimwe kwa ultrasaundi au kwa mpira mara tu baada ya kukojoa, na upimwe zaidi ya mara moja. Mabaki yanayozidi takriban mililita 100 hadi 150, yakiambatana na dalili au maambukizi ya kujirudia, ndiyo yanayoanza kuleta hoja ya mpira.

Saizi, urefu na ncha

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti baada ya herufi Fr au Ch ni unene wa nje. Igawe kwa tatu upate milimita: namba 12 ina unene wa milimita 4. Rangi ya kichwa cha mpira hufuata utaratibu unaotambuliwa na viwanda karibu vyote: 10 nyeusi, 12 nyeupe, 14 kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu. Watu wazima wengi wanatosheka na 12 au 14. Watoto hutumia 6 hadi 10 kulingana na umri. Kuna imani kwamba mpira mwembamba ndio mpole, na kwa mwanamume imani hiyo huleta madhara: mpira mwembamba mno hujipinda kwenye kona ya njia ya mkojo, ncha huchoma ukuta badala ya kupita, na mkojo hutoka taratibu hadi mtu anachoka na kuutoa kabla kibofu hakijaisha.

Urefu wa kawaida wa mpira wa kiume ni sentimita 40. Wa kike huwa sentimita 15 hadi 20, na ipo mifupi zaidi inayoingia kwenye kijaluba cha mkoba. Mifupi inapendeza kwa kuficha, lakini mwanamke anayejihudumia akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu mara nyingi anafaidika na mpira mrefu wa kiume, kwa sababu unafika kwenye sinki la choo au mfuko bila yeye kuhama kiti. Jambo hili wauzaji hawalitaji, nalo huamua kama mtu atafanya zamu yake ya mchana au ataiahirisha hadi jioni.

Ncha iliyonyooka, iitwayo Nelaton, inatosha kwa wengi. Ncha iliyopinda, Tiemann, ni ya wanaume wenye tezi dume iliyovimba au shingo ya kibofu iliyokaza. Anayetumia Tiemann lazima mkunjo wa ncha uangalie juu, upande wa kitovu, tangu mwanzo hadi mwisho. Kichwani kuna alama ya kuelekeza, na mpira ukizunguka njiani ncha hulima ukuta. Tusingempa mtu Tiemann bila kufundishwa ana kwa ana.

Matundu ya pembeni karibu na ncha ndiyo yanayotenganisha kiwanda kizuri na kibaya. Fungua mpira mmoja wa majaribio, upitishe taratibu kwenye ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono, kisha utupe. Ukihisi kingo zinakwaruza, njia ya mkojo itazihisi zaidi, hata kama mwenyewe hana hisia huko chini. Mtu asiye na hisia ndiye anayehitaji kingo laini kuliko wote, maana hatasikia maumivu ya kumwonya.

Mpira mkavu wa kupakwa jeli

Huu ndio unaopatikana kirahisi kuliko yote: plastiki ya PVC iliyo wazi, kwenye pakiti yake, ya kutumia mara moja. Ni mgumu kiasi, na ugumu huo una faida kwa mtu mwenye vidole dhaifu kwa sababu hauning'inii. Kwenye baridi hukakamaa na kwenye joto hulegea kama uzi, basi usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa watoto watakaoutumia miaka mingi, tafuta pakiti inayosema haina fathaleti ya DEHP, kemikali inayotumiwa kulainisha PVC.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye jeli. Mwanamume akipaka jeli kwenye ncha peke yake, nyingi hufutika pale pale mlangoni na sentimita 15 zilizobaki mpira hupita mkavu. Apake kuanzia ncha hadi takriban sentimita 15. Anayepata ugumu aingize mililita 6 hadi 10 za jeli moja kwa moja kwenye njia ya mkojo kwa bomba lake maalumu lisilo na sindano, taratibu, kisha abane kidogo ncha ya uume kabla ya kuendelea. Mwanamke anatosheka na sentimita 5 hivi za mpira uliopakwa. Jeli iwe ya maji. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yasitumike kabisa: hayayeyuki kwenye mkojo, huacha mabaki kibofuni, na huharibu mipira ya latexi.

Tukitaja latexi: mtu mwenye mgongo wazi asiguswe nayo, iwe kwenye mpira, glovu au puto. Mzio wa latexi ni wa kawaida mno kwa kundi hili kutokana na operesheni nyingi za utotoni, na unaweza kuua. PVC na silikoni hazina latexi, lakini soma pakiti hata hivyo.

Hukumu: mpira mkavu ukitumiwa kwa jeli ya kutosha na kwa wakati ni chaguo la heshima. Tungemshauri mtu ahame tu akiona damu mara kwa mara, akipata maumivu ya kudumu, au njia ya mkojo ikianza kuwa nyembamba.

Mpira wenye utando unaoteleza

Mwaka 1983 kampuni ya Astra Tech ya Sweden ilitoa LoFric, mpira uliopakwa utando unaofyonza maji na kuyashikilia. Polima inayotumika sana ni polivinilipirolidoni. Ukilowa, utando huwa telezi kuliko jeli yoyote, na telezi hiyo hufunika mpira wote, si ncha peke yake. Leo ziko njia mbili. Ya kwanza mtumiaji hutia maji ndani ya pakiti na kusubiri sekunde 30. Ya pili, kama SpeediCath ya Coloplast, mpira hukaa tayari kwenye maji ya chumvi na hutumika mara pakiti ikifunguliwa.

Huu ndio tunaouweka juu kwa wanaume. Mikwaruzo ya njia ya mkojo hupungua, damu kwenye mkojo hupungua, na baadhi ya majaribio kwa waliojeruhiwa uti wa mgongo yameonyesha maambukizi kuchelewa au kupungua. Kwa wanawake, ambao njia yao ya mkojo ni ya sentimita 4 hivi na imenyooka, faida ni ndogo zaidi. Kwao tungetazama kwanza kishikio na urefu.

Makosa yanayoharibu mpira huu yako mawili matatu, na yote yanaepukika. Kuupaka jeli juu ya utando huufanya unate. Kuufuta kwa tishu huondoa kilicholipiwa. Kuukausha na kuurudia kesho ni vibaya kuliko kuosha mpira wa kawaida, kwa sababu utando ukikauka hugeuka gundi na kushika ukuta wakati wa kutoka. Hata katika matumizi sahihi, kibofu kilicholegea sana kinaweza kuchukua dakika kadhaa kumwagika, na utando usio na chumvi ya kutosha hupoteza maji kwa tishu inazogusa. Dalili yake ni mpira kuingia kama samaki lakini kutoka kwa kung'ang'ania. Ukikutana nayo, usivute kwa nguvu. Subiri dakika moja, pumua, vuta taratibu ukizungusha kidogo, na zamu ijayo jaribu chapa nyingine yenye maji ya chumvi ndani ya pakiti.

Kero ndogo: mikono huteleza. Chagua wenye kishikio cha plastiki kinachosogezwa juu ya mpira, au shika kwa kipande cha pakiti yenyewe. Kagua tarehe ya kuisha na uminye pakiti. Ile iliyotobolewa huwa imekauka ndani.

Mpira ndani ya mfuko

Hapa mpira umelazwa ndani ya mfuko wa kukusanyia mkojo, umeshalainishwa, na hutolewa kupitia ncha fupi ya plastiki inayofunika mwanzo wa njia ya mkojo. Wazo ni zuri: sentimita ya kwanza na nusu ya njia hiyo ndiyo yenye bakteria wengi, na ncha hiyo hupita nao bila mpira kuwagusa. Vidole pia haviugusi mpira. Mifuko mingi hubeba lita moja au zaidi na ina mistari ya mililita, jambo linalofaa sana katika wiki za kwanza za kujaza daftari la kibofu, yaani kuandika saa na kiasi cha kila zamu.

Unafaa safarini, kitandani hospitalini, na mahali ambapo choo hakifikiki kwa kiti cha magurudumu. Kwa matumizi ya kila zamu hatuupendekezi kwa wote, kwani ni mkubwa, taka zake ni nyingi, na kuusogeza mpira kutoka nje ya mfuko kunahitaji kubana na kusukuma sentimita 3 hadi 5 kila mara. Mwenye vidole visivyobana atashindwa katikati. Anayeishi na maambukizi ya kurudi rudi licha ya zamu nzuri na mpira wa utando, huyo aujaribu kwa uzito.

Mpira wa silikoni wa kurudia

Silikoni nene hustahimili kuoshwa, na mipira iliyotengenezwa kwa lengo hili huja na kasha lake. Inapunguza gharama na taka, na mtu hategemei shehena ya kila mwezi. Lakini kazi yake haiishii chooni. Baada ya kila zamu, uoshe palepale kwa sabuni na maji safi kabla mkojo haujakauka ndani. Pitisha maji katikati kwa bomba la sindano, suuza hadi povu liishe, kung'uta, kisha kausha kwa hewa au uloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na uusuuze tena kabla ya kuutumia. Dawa ya ndani ya kasha ibadilishwe kama maelekezo yanavyosema. Dawa iliyochoka ni bwawa la bakteria. Mpira mmoja ni wa mtu mmoja, hata ndani ya familia moja.

Utafiti haujamaliza ubishi kama mipira ya kurudia huleta maambukizi mengi zaidi kuliko ya kutupwa, na miongozo inatofautiana. Msimamo wetu ni kwamba anayeweza kupata ya kutupwa bila kupunguza idadi ya zamu aitumie. Anayelazimika kuchagua kati ya mipira miwili ya kutupwa kwa siku na mpira mmoja unaooshwa mara tano, achague wa kuosha bila kusita. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asiingie humo bila ushauri wa daktari.

Kwenye pakiti angalia duara lenye namba 2 iliyokatwa kwa mstari: maana yake mtengenezaji haudhamini mpira huo zaidi ya mara moja. Wengi duniani huosha hata hiyo. Anayefanya hivyo kwa kukosa njia asiichemshe ovyo, kwa sababu PVC nyingi hupinda kwenye maji yanayochemka, na autupe mara tu ukipata ukungu, ugumu, mpasuko au mkwaruzo kwenye matundu.

Namna ya kuingiza, na yanayoharibika

Nawa mikono kwa sabuni, na safisha eneo kuanzia mbele kwenda nyuma. Mwanamume ainue uume kuelekea tumboni ili kona ya kwanza inyooke. Aliye na govi alirudishe nyuma kwanza, na baada ya kumaliza alirejeshe mbele, la sivyo litavimba na kukaba. Sukuma taratibu. Baada ya sentimita 15 hadi 20 utakuta ukinzani: ni msuli wa kufunga kibofu. Usichome na usirudi. Shikilia mgandamizo uleule mdogo, pumua kwa kina, kohoa kidogo au jaribu kana kwamba unakojoa, na msuli hulegea. Mkojo ukianza kutoka, ongeza sentimita 2 au 3 ili matundu yote yawe ndani.

Mwanamke atumie kioo mwanzoni, kisha ajifunze kwa kugusa, kwa sababu kioo hakipatikani kila mahali. Sentimita 5 hadi 7 hutosha. Mpira ukiingia ukeni, uache hapohapo uwe alama, uchukue mwingine na ulenge juu yake.

Kutoa ndiko kunakoharakishwa, na ndiko mabaki yanakozaliwa. Mkojo ukikoma, vuta sentimita moja moja. Ukianza kutiririka tena, simama usubiri. Kukoma ghafla katikati mara nyingi ni ukuta wa kibofu kufyonzwa kwenye tundu. Zungusha mpira au uvute kidogo. Mipira mipya yenye vitundu vingi vidogo badala ya matundu mawili makubwa imebuniwa kupunguza kero hii.

Matone ya damu wiki za kwanza si ajabu. Damu nyingi, mabonge, au mpira kukataa kuingia baada ya majaribio mawili ya upole ni safari ya hospitali, kwa sababu kulazimisha hutoboa njia ya uongo pembeni ya ile halisi, na baada ya hapo kila mpira utapenda kuingia humo. Kwa watoto wanaotumia namba 6 au 8 kuna hatari isiyojulikana sana: mpira mwembamba ukisukumwa mwingi mno kibofuni unaweza kujifunga fundo. Mkojo ukitoka, ongeza kidogo tu na usisukume zaidi.

Ratiba hutengenezwa kwa namba. Kwa siku tatu andika saa, kiasi kilichotoka na mavujo. Mtu mzima asipitishe mililita 400 hadi 500 kwa zamu. Ukitoa 650 baada ya saa sita, fupisha nafasi au punguza kinywaji cha saa hizo. Jumla ya lita 1.5 hadi 2 kwa siku inawafaa wengi. Kwa mtoto, ongeza moja kwenye umri kisha zidisha kwa 30: wa miaka 6 ana kibofu cha takriban mililita 210. Anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu hukusanya maji miguuni, nayo hurudi kwenye damu akilala na kujaza kibofu usiku. Miguu iinuliwe saa moja au mbili jioni, kisha zamu ifanywe wakati wa kulala.

Mavujo kati ya zamu

Malalamiko mengi dhidi ya mipira yanahusu hili, na mpira hauna hatia. Mtu anayefuata ratiba na bado anavuja huenda ana kibofu kinachojikaza kwa shinikizo kubwa. Kubadilisha chapa hakutamsaidia. Anahitaji kipimo cha shinikizo la kibofu, na matibabu ya kukituliza. Dawa za kumeza kama oksibutinini, tolterodini na solifenasini hufanya kazi, zikileta kinywa kikavu, choo kigumu, na kwa wazee kusahausahau. Choo kigumu nacho hukandamiza kibofu na kuzidisha mavujo, kwa hiyo kitibiwe pamoja. Mirabegroni hufuata njia nyingine na haikaushi kinywa kwa kiwango hicho, ila shinikizo la damu lifuatiliwe. Dawa zikishindwa, sumu ya botulini yuniti 200 hudungwa sehemu nyingi za ukuta wa kibofu kupitia kamera. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2011, na nguvu yake hudumu miezi kadhaa kabla ya kurudiwa. Baada yake kibofu kinaweza kushindwa kabisa kujisukuma, hivyo ujuzi wa mpira unatakiwa kabla ya sindano.

Maambukizi nayo huhukumiwa vibaya. Karibu kila mtumiaji wa mpira ana bakteria kwenye mkojo. Harufu na mkojo kuwa na ukungu peke yake havitoshi kuanza antibiotiki; kufanya hivyo hulea vijidudu sugu. Homa, mavujo mapya, mikazo ya misuli kuongezeka, maumivu ya kiuno au uchovu usioelezeka, hizo ndizo dalili, na kipimo cha kuotesha mkojo kifanyike kabla ya dawa.

Ukilinganisha na mpira wa kudumu

Mpira wenye puto unaokaa ndani siku zote unaonekana rahisi, na kwa mtu asiye na mikono wala msaidizi unaweza kuwa jibu. Lakini bakteria hujenga utando juu yake, wengine kama Proteus hugeuza mkojo kuwa na alkali na chumvi huganda na kuuziba. Mawe hufuata. Kwa mwanaume asiye na hisia, mpira usiofungwa vizuri kwenye paja au tumbo hupasua njia ya mkojo polepole. Ukihitajika kwa muda mrefu, tunaona afadhali upitishwe kwenye ukuta wa tumbo, juu ya mfupa wa kinena. Puto lijazwe maji tasa (yasiyo na vijidudu), kwa kawaida mililita 10. Maji ya chumvi huweza kuacha chembe zinazoziba njia ya kulitolea maji.

Mtu aliyeumia shingoni anaweza kujihudumia kama kifundo cha mkono kinainuka na vidole vinabana kwa kufuata. Ambaye hafiki chini, hasa mwanamke, aulize kuhusu njia ya Mitrofanoff, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Mitrofanoff mwaka 1980: kidole tumbo hugeuzwa kuwa mfereji kutoka kitovuni hadi kibofuni. Mpira wa utando unaingia humo vizuri kuliko mkavu.

Aliyeumia uti wa mgongo kwenye T6 (usawa wa pingili ya sita ya kifua) au juu yake awe na mipira miwili ya akiba kila aendako. Kibofu kikijaa kwake, shinikizo la damu linaweza kuruka ghafla, likija na kichwa kugonga, jasho na wekundu usoni. Akae wima, alegeze nguo, amwage kibofu mara moja. Kama haikutulia ndani ya dakika chache ni dharura, na wahudumu waambiwe kwamba shinikizo lake la kawaida ni la chini, ili 140 isichukuliwe kuwa si kitu.

Hata mpira ukiwa mpole namna gani, figo zipigwe ultrasaundi kila mwaka, au mapema zaidi kwa mwenye shinikizo kubwa kibofuni. Kipimo cha damu cha kreatinini hudanganya kwa aliyepooza, kwa sababu misuli iliyosinyaa huzalisha kreatinini kidogo na namba huonekana nzuri wakati figo zinachoka. Palipo na kipimo cha sistatini C, ombeni hicho.